Look Back: ukishasoma manga, muvi ya nini tena?

Watu waliosoma Look Back, manga (katuni ya Kijapani ya kusoma) ya Tatsuki Fujimoto, kabla ya kuangalia muvi yake ya anime (katuni ya Kijapani ya video) wana ubishi usioisha, wengi watakwambia usipoteze muda wako, kila kitu kipo kwenye manga, muvi imekopi tu afu ikaongezea muziki wa kuliza watu. Mi naona wana haki nusu. (Spoila zipo, nakwambia mapema.)

Manga yenyewe fupi, kurasa kama 140 hivi, ilitoka Julai 2021 kwenye Shonen Jump+, jukwaa la Kijapani la kusomea manga mtandaoni. Fujino anachora vichekesho vya picha nne kwenye gazeti la shule na anajiona ndo yeye, mpaka siku walipoweka na michoro ya Kyomoto, mtoto asiyekanyaga shule kabisa, kajifungia chumbani anachora tu, na ukiviweka pamoja vya Fujino vinaonekana vya kitoto. Baadaye wanakuwa marafiki, wanachora pamoja, wanaachana, Kyomoto anaenda chuo cha sanaa na huko anaingia mtu anaua wanafunzi, Kyomoto akiwemo. Ilitoka siku moja tu baada ya kumbukumbu ya moto wa Kyoto Animation, studio ya anime iliyochomwa na mtu makusudi, ule wa Julai 18, 2019 ulioua watu 36, kwa hiyo wasomaji waliunganisha palepale.

Na huyo muuaji kaleta maneno yake. Mwanzoni alikuwa anasikia michoro ikimtukana, watu wakalalamika kwamba manga inawabebesha lawama wagonjwa wa akili, Agosti wakabadilisha akawa mtu anayeua yeyote tu, kilipotoka kitabu Septemba wakabadilisha tena, akawa mtu anayedai kaibiwa mchoro wake aliouweka mtandaoni. Waliolalamika walikuwa sahihi jamani, mambo ya sauti kichwani ni njia ya mkato. Ila ile ya pili ilikuwa imekufa ganzi, muuaji hana uhusiano wowote na kuchora wakati stori nzima ni kuchora. Kwangu ya tatu ndo imekaa.

Turudi kwenye muvi. Silaha kubwa ya manga ni ukimya, Fujimoto anakurudishia picha ileile, mgongo wa Fujino mezani, dirishani majira yanabadilika, hakuna neno hata moja, na we ndo unaamua ukae hapo sekunde mbili au dakika nzima. Muvi haikupi hiyo nafasi, ina dakika 58 na inakuburuza nayo, na pale Fujino anapokaa koridoni nje ya chumba cha Kyomoto akilia, muziki wa haruka nakamura unakuwahi, unakwambia lia sasa hivi kabla hata hujajua unajisikiaje. Hapo manga inashinda mchana kweupe.

Lakini ile sehemu ya mvua sasa! Siku wanakutana mara ya kwanza, Kyomoto kamuita Fujino sensei, yaani mwalimu, kamgeuzia mgongo amsainie koti lake la nyumbani, na Fujino kajikausha kama vile hajali kitu. Akishatoka anatembea kawaida, hatua mbili tatu, afu mwili unaanza kumsaliti, mkono unarushwa ovyo, goti linapanda, anakanyaga madimbwi makusudi. Kwenye karatasi unaelewa kwamba kafurahi, kwenye muvi unaiona furaha inavyomtoka mtu anayejitahidi kuificha, na hicho picha iliyosimama haiwezi kukupa hata ikichorwa na nani.

Afu angalia mistari. Kiyotaka Oshiyama aliyeiongoza, na kuchora sehemu kubwa kwa mkono wake, kaiacha ile mikwaruzo ya penseli badala ya kuisafisha ing'ae kama anime nyingine. Stori ni ya watu wanaoumiza migongo mezani miaka na miaka, unaona kabisa kuna mtu kaumia kweli kuichora. Anayesema imekopi tu sijui aliangalia kwa simu akiwa kwenye daladala au vipi.

Mwaka 2025 ikachukua tuzo ya anime bora kwenye Japan Academy Film Prize, tuzo kubwa za filamu za Japani, na sina kinyongo nayo hata kidogo, ningeomba tu pale koridoni wangezima muziki.