Aina 24 au sita? Ubishi wa virusi vya homa ya nguruwe

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na Montgomery mwaka 1921, kutokana na nguruwe wa walowezi waliokuwa wakifa hapa Kenya. Karne imepita, na wataalamu bado wanabishana virusi vyake vigawanywe vipi. Mfugaji wa Kikuyu au Wangige, nje kidogo ya Nairobi, anayepeleka nguruwe kichinjioni Ndumbuini anaweza kudhani hayamhusu. Yanamhusu, kwa kuwa chanjo huzungumzwa kwa majina ya makundi hayo hayo.

Utaratibu uliozoeleka husoma kipande cha mwisho cha jeni ya protini iitwayo p72, herufi za kijenetiki zisizofika 500, na umezaa jenotaipu (makundi ya kijenetiki) 24. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walilinganisha protini nzima wakasema makundi ni sita tu. Tofauti nyingi zilizopewa namba hazibadilishi protini kwa kiasi cha maana.

Wanaotetea 24 wana hoja nzito. Kipimo hicho ni rahisi, na kimejenga kumbukumbu za miaka mingi. Ndicho kilichoonyesha kwamba virusi vilivyoingia nchi ya Georgia mwaka 2007 ni jenotaipu II, ndugu wa vile vya Msumbiji, Madagaska na Zambia. Kenya tunazo jenotaipu IX na X, ambazo hatuna sababu ya kuzifuta kwenye daftari. Kwa kufuatilia mlipuko ulitoka wapi, kipande kifupi kinatosha.

Wanaotetea sita nao wanasema kweli: wingi wa namba umetufanya tuone ukuta mahali ambapo kuna uzi tu. Ila (na hapa ndipo ninapoachana nao) wao pia wamesimama juu ya jeni ileile moja, ilhali jenomu (jumla ya jeni zote) ya kirusi hiki ina herufi 170,000 hadi 190,000 na jeni zaidi ya 150.

China ilitoa mfano mbaya. Mwaka 2023 viliripotiwa virusi chotara ambavyo kwa p72 vilikuwa jenotaipu I, kumbe sehemu kubwa ya jenomu ilikuwa ya II. Viliua vikali, na chanjo hai iliyotengenezwa kwa jenotaipu II haikuwakinga nguruwe dhidi yavyo. Uhesabu 24 au sita, p72 isingekutahadharisha.

Kwetu swali si la nadharia. Chanjo iliyoidhinishwa Vietnam mwaka 2022 ilitokana na kirusi cha Georgia, na si cha jenotaipu IX kinachoua nguruwe wetu. Tuendelee na p72 kwa kufuatilia milipuko. Lakini atakayeleta chanjo Nairobi aonyeshe jenomu nzima, protini ya CD2v inayohusishwa na kinga, na nguruwe waliochanjwa kisha wakaambukizwa virusi vya hapa.