Picha ya Septemba haiwezi kuhukumu msitu wa Tabora

Ramani ya setilaiti inabandikwa ukutani kwenye kikao cha kijiji, nusu yake nyekundu. Wananchi wanaambiwa msitu wao umekwisha, mipaka itapangwa upya. Pembeni hakuna tarehe ya picha. Hilo linaniuma sana, maana kwa misitu yetu tarehe ndiyo kila kitu.

Miyombo, miti iliyojaa kwenye misitu hii, hupukutisha majani kiangazi. Mwezi wa Agosti, pori la Sikonge likitazamwa kutoka juu linafanana na shamba lililovunwa. Moto ukipita chini, ardhi inakuwa nyeusi na kompyuta inaisoma kuwa tupu. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, majani machanga yanatoka mekundu kama shaba, na kipimo cha ukijani kinayapunja. Kuanzia Novemba ni mawingu. Ukilinganisha picha ya Mei 2017 na ya Septemba 2024, umepima majira, hujapima ufyekaji. Chukua mwishoni mwa Mei au Juni, mwezi uleule kwa miaka yote miwili: mawingu yameondoka, majani bado yapo, moto haujashika kasi.

Mbuga nazo, yale mabonde ya udongo mweusi! Udongo ule mweusi ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, miti mingi haiuwezi. Kuiandika mbuga ya mpunga kuwa msitu uliofyekwa ni kumzushia mkulima kosa.

Ni kweli, bila setilaiti hakuna wa kuizunguka wilaya nzima ya Kaliua kwa baiskeli, na picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure. Pikseli yake, yaani kidoa kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari moja ina pikseli 40. Kwa setilaiti ya Landsat, yenye pikseli ya mita 30 kwa 30, ekari hiyohiyo inabaki pikseli 4 au 5, na za pembeni zimechanganya shamba na pori. Mninga mmojammoja ukikatwa katikati ya miti mingine, zote mbili hazioni.

Basi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujapitisha chochote, hakikini pointi 50 kwa kila rangi ya ramani, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, si za kando ya barabara gari linapofikia. Nendeni na mrina asali, anayejua kila mti alikotundika mzinga. Tafuteni visiki, majivu, matuta ya tumbaku. Mkikuta mti wa mtundu, mmojawapo wa miyombo, usio na jani hata moja, kwangueni kijitawi kwa ukucha. Chini ya ganda pakiwa kijani kibichi, mti uko hai, na pointi hiyo iondolewe wekundu palepale.