Karo ya shule ya kibinafsi kwa fedha za kaunti: swali ambalo Lamu hailikwepi

Msimu wa fomu za basari, yaani misaada ya karo, unapofika, mazungumzo ya Mkunguni, pale mbele ya ngome ya Amu, mji wa Lamu, ambapo wazee hukaa barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, huziacha siasa nyingine zote na kurudi kwenye swali moja: je, fedha za kaunti zimlipie karo mtoto anayesoma katika shule ya kibinafsi? Swali ni fupi, lakini halijibiwi kwa upole, kwa sababu kila anayelijibu ana mtoto anayemfikiria, awe wake, wa nduguye au wa jirani.

Wapo wanaotaka kulimaliza kwa sheria peke yake, na sheria kweli ina la kusema. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu zimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo kila basari ya sekondari inayotolewa na kaunti, iende shule ya umma au ya kibinafsi, imejengwa katika kiwanja cha mwenyewe mwingine. Ndiyo maana mnamo Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alitoa waraka akizitaka kaunti zisitishe basari hizo hadi ziwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kwa mujibu wa Kifungu cha 187 kinachoruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine jukumu lake. Magavana walikwenda Mahakama Kuu, nayo ikausimamisha waraka huo kwa muda. Wazazi wengi hawakuusoma waraka wala amri ya mahakama. Walichojua ni kwamba shule zimefunguliwa, hundi hazijafika, na mtoto amerudishwa nyumbani na sanduku lake.

Mwaka ule ulitufundisha jambo ambalo wanaobishana kuhusu shule za kibinafsi hulisahau. Ikiwa hata basari ya mtoto aliye katika shule ya umma inahitaji makubaliano ili isimame imara kisheria, basi ya mtoto wa shule ya kibinafsi inahitaji hoja yenye nguvu zaidi, maana hiyo inavuka mipaka miwili kwa mpigo: wa kaunti na taifa, na wa umma na binafsi. Hoja hiyo ipo, na wanaoitoa si watu wa kupuuzwa.

Siku moja nilikaa foleni ya fomu karibu na mama mmoja aliyetoka Siyu, kisiwani Pate. Alikuwa ameondoka kwake kabla ya alfajiri ili aiwahi boti ya Mtangawanda wakati maji yamejaa, kwa kuwa maji yakipwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki na safari hulazimika kuzunguka bahari kuu. Bahasha yake ya khaki alikuwa ameikunja ndani ya leso na kuikalia njia nzima isirushiwe maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua yenye muhuri wa chifu, na barua ya shule moja ya kibinafsi ya bweni huko Malindi iliyokubali kumsamehe binti yake nusu ya karo kwa sababu ya alama zake. Alipofika kwenye sehemu ya fomu inayouliza aina ya shule, kalamu ilisimama. Akanigeukia: "Mwanangu, hapa nikiandika kweli, hawatanitupa?" Sikuwa na jibu la kumpa, na kwa kweli uchambuzi huu ulianzia hapo.

Tulitazame jambo kwa macho ya mama huyu. Mwanawe hakwenda shule ya kibinafsi kwa kuwa familia ina uwezo. Ameitwa kwa alama zake, na nusu ya gharama imeshabebwa na mtu mwingine. Kaunti ikiongeza nusu iliyobaki, itakuwa imenunua nafasi kamili kwa nusu ya bei. Ikikataa, msamaha ule unapotea, na yule aliyekuwa tayari kusaidia atatafuta mtoto wa kaunti nyingine. Zaidi ya hayo, serikali ya kitaifa hutenga Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na mtoto aliye nje ya shule hizo hazigusi. Mzazi wa shule ya kibinafsi analipa kodi sawa na mwenzake, kisha anaiachia serikali mgao wa mwanawe. Anapoambiwa kwamba kuomba msaada wa kaunti ni tamaa, ana haki ya kukasirika.

Kuna pia jiografia, ambayo mtu wa bara huielewa kwa shida. Katika wadi ya Basuba, vijiji vya Waboni vilikaa miaka mingi bila shule zinazofanya kazi baada ya mashambulizi yaliyoanza 2014, na watoto wengine wakalazimika kuhamishiwa bweni la shule ya Mokowe, mbali na wazazi wao wakiwa bado wadogo. Kwa mtoto wa namna hiyo, neno "shule ya umma iliyo karibu" halina maana yoyote. Tangu Gredi ya 10 ianze Januari 2026, limeongezeka suala la mikondo mitatu ya masomo, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Si kila sekondari pevu, yaani ya Gredi ya 10 hadi 12, ina maabara na walimu wa kuubeba kila mkondo, na kijana wa kisiwani aliyechagua sayansi anaweza kujikuta anatazama ng'ambo kwa sababu hiyo peke yake.

Sababu ya nne husemwa kwa sauti ya chini, ingawa kwa maoni yangu ndiyo inayowasukuma wazazi wengi wa Amu na Pate. Huku mtoto husomeshwa dini na dunia kwa pamoja: asubuhi skuli, jioni chuoni, yaani madrasa. Akipelekwa bweni la umma la mbali, chuo kinakatika, na mzazi aliyemlea hadi juzuu kadhaa anaona nusu ya kazi yake inamwagika. Shule za kibinafsi zinazochanganya mtaala wa taifa na masomo ya Kiislamu zimejaza pengo hilo, na ndiyo maana mvuvi asiye na akiba hujibana ili mwanawe aingie huko. Kumwita mvuvi huyo tajiri kwa sababu ya jina la shule ni kutomjua.

Sasa tugeuke upande wa pili, ambao nakiri kwamba hesabu zake zinanielemea zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni, wadi moja iliyotengewa shilingi milioni 4. Karo iliyowekwa na serikali kwa shule za bweni za ngazi ya juu za umma kwa miaka mingi imekuwa Sh53,554 kwa mwaka. Kwa fedha hizo, wadi inaweza kuwalipia watoto 74 karo yote. Tuseme shule ya kibinafsi inatoza Sh150,000: wanabaki watoto 26. Hata shule hiyo ikisamehe nusu, kama ilivyomsamehe binti wa Siyu, wanafikia 53. Kwa hiyo ile hoja ya "nafasi kamili kwa nusu ya bei" haisimami kirahisi kama inavyosikika, kwa sababu nusu ya bei ya huko bado ni zaidi ya bei nzima ya hapa. Watoto 21 wanaopungua kati ya 74 na 53 nao wana mama zao, ila siku ile hawakuwa kwenye foleni yangu.

Pili, fedha hizo zinakwenda wapi? Basari ya mwanafunzi wa sekondari ya umma ya hapa hapa, Faza au Mpeketoni, inailipa shule inayomhudumia yeye na jirani yake, na mwalimu mkuu anaiweka kwenye jiko na maabara ambayo wote watatumia. Basari inayovuka kwenda Malindi au Mombasa kwenye akaunti ya mwenye shule humnufaisha mtoto mmoja tu, kisha faida yake inabaki huko. Serikali ya kitaifa nayo ilishapita njia hii: kwa miaka kadhaa ilikuwa ikiwapeleka wanafunzi vyuo vikuu vya kibinafsi kwa gharama yake, hadi mfumo mpya wa 2023 ulipowaondolea ufadhili huo na kuwaachia mikopo, baada ya mzigo kuwa mkubwa na vyuo vya umma kuendelea kuzama katika madeni.

Tatu, kila shilingi ya kaunti inayokwenda sekondari imetoka mahali. Mtoto wa chekechea wa Kizingitini au wa Hindi hana serikali nyingine ya kumtazama ila kaunti, wala hana mbunge wa kumwandikia hundi, na hawezi kusimama barazani akalalamika kwamba darasa lake halina mwalimu wa kutosha. Kijana wa chuo cha ufundi pia anaitegemea kaunti kwanza. Wakati mwenzao wa sekondari anaweza kubisha hodi milango mitatu, yaani kamati ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lake, mfuko ulio chini ya mwakilishi wa kike, na kaunti, mbali na wafadhili wa mabenki na mashirika, hawa wawili mlango wao mkuu ni mmoja tu. Haki iko wapi mlango huo ukifunguliwa kwanza kwa wasio wake?

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na pande zote mbili. Ugomvi wa umma na binafsi umetuzuia kuitazama namna uamuzi wenyewe unavyofanywa, na huko ndiko hasara kubwa inakotokea. Shinikizo la kisiasa daima linaelekea upande mmoja: mgao wa wadi ugawanywe kwa waombaji wote, ili pasiwe na wa kulalamika. Tukirudi kwenye ule mfano, milioni 4 zikigawiwa waombaji 800 kila mmoja anapata Sh5,000. Diwani anapigwa picha akiwa ameshika hundi ndefu kama ubao, na watu 800 wanashukuru. Lakini Sh5,000 hazimbakishi shuleni mtoto anayedaiwa Sh53,554. Mhasibu wa shule anaziandika kwenye daftari, na muhula ukifika katikati anamrudisha nyumbani kwa zilizobaki. Aliyeweza kulipa amepata nafuu ndogo ambayo hakuihitaji sana. Asiyeweza yuko palepale. Kama fedha za umma zitatumika hivyo, basi ni heri hata hizo za shule ya kibinafsi zilizomsomesha binti mmoja hadi mwisho.

Mgawo sawa kwa wadi zote kumi nao una uzuri na ubaya wake. Basuba ina watu wachache mno kulinganisha na wadi za Mpeketoni na kandokando yake, kwa hiyo mtoto wa Basuba anaonekana kupata fungu nono. Mkaazi wa Bahari au Hongwe akilalamika kwamba idadi ya watu haikuzingatiwa, analalamika kwa hesabu sahihi. Mboni akijibu kwamba alikaa miaka bila shule, naye anajibu kwa ukweli. Lamu ni kaunti ambayo swali la nani ni mwenyeji halijawahi kuwa mbali na swali la nani apewe. Tuliliona tangu siku za ahadi ya kuwafadhili vijana 1,000 kimasomo kwa ajili ya bandari na mradi wa LAPSSET, ukanda wa uchukuzi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa Machi 2012. Vigezo visipoandikwa, nafasi yake huchukuliwa na minong'ono.

Kwa hiyo ningependelea bunge la kaunti liandike katika sheria yake ya basari mpangilio unaosomeka na kila mzazi. Kwanza, watoto wachache walipiwe karo yote kwa kipindi chote cha masomo, wakichaguliwa kwa umasikini uliothibitishwa, na majina yao yabandikwe kwa chifu na msikitini au kanisani ambako jirani atasema kama fulani ana majahazi mawili. Pili, shule ya umma iwe ndiyo kanuni. Tatu, shule ya kibinafsi iruhusiwe kama udhuru tu, tena kwa kiwango kisichozidi karo ya bweni la umma: mtoto mwenye ulemavu ambaye shule ya umma ya kufaa haipatikani, mtoto anayetoka mahali ambapo shule zimefungwa kwa ajili ya usalama, au mtoto ambaye mkondo wake haupatikani katika shule za umma anazoweza kufikia. Hamu ya mzazi ya masomo ya dini naiheshimu, na nimelelewa ndani yake, lakini siioni kuwa sababu ya kutumia fedha ambazo pia ni za wasiokuwa Waislamu wa Mpeketoni na Witu. Dawa yake ni kuzibana shule za umma za bweni ziwape watoto wetu muda na mwalimu wa chuo jioni.

Kwa kipimo hiki binti wa Siyu huenda akakosa, isipokuwa mkondo wake uwe hauna shule ya umma ya kumpokea. Na hata hapo, nani atakayethibitisha kwamba shule hiyo haipo? Kaunti haina orodha ya nafasi za sekondari wala mamlaka juu yake. Anayejua ni afisa wa elimu wa serikali ya kitaifa, ambaye hana wajibu wa kumjibu karani wa kaunti barua yake. Ili ajibu kwa wakati, kabla shule hazijafunguliwa, lazima kuwe na karatasi iliyotiwa saini na serikali zote mbili, na hayo ndiyo makubaliano ya Kifungu cha 187 ambayo waraka wa Januari 2025 uliyadai na sisi tukayachukulia kuwa hila ya kuwanyima watoto karo.