Acheni kung'arisha nyuso, pimeni mwanga

Picha za harusi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma zina ugonjwa mmoja unaoniuma. Uso wa bibi harusi una rangi moja, shingo ina rangi nyingine, mikono ina ya tatu. Aliyepiga alikuwa na DSLR nzuri (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi), pengine hata na lenzi ya 50mm f/1.8, yenye tundu pana la kuingiza mwanga. Nyuso zikatoka giza ufukweni, naye akaenda kwenye kompyuta kuzing'arisha mpaka zikawa kijivu. Muulize, atakwambia ngozi nyeusi haitoki vizuri kwenye picha. Si kweli, na ni dharau kwa watu wanaomlipa.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna mtu. Kipima mwanga chake kinachukua kila kilichomo kwenye fremu na kukivuta kifike kijivu cha kati. Simamisha watu mbele ya ziwa linalometameta: kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, ziwa linatoka safi na watu hawana macho wala pua. Dagaa walioanikwa Kibirizi wanafanya hivyohivyo, rangi yao ya fedha inaidanganya kamera na aliyeinama kuwageuza anabaki kivuli. Jaza fremu nzima na uso mweusi, mambo yanageuka: kamera inaona giza, inaongeza mwanga, uso unapauka. Enzi za filamu malalamiko yalikuwa na msingi, nakubali, maana maabara zilisawazisha rangi kwa kadi ya Shirley, yenye picha ya mwanamke mzungu. Leo unayo kamera ya dijitali yenye kitufe cha kurekebisha mwanga papo hapo.

Kitufe chenyewe kina alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye kompakti nyingi (kamera ndogo za mfukoni) kiko kwenye mishale ya nyuma. Kwenye DSLR za bei ya chini unakibana huku ukizungusha gurudumu. Kwenye otomatiki kamili, kamera nyingi hazikuruhusu kukitumia, kwa hiyo toka huko, nenda hali ya P (otomatiki inayokuachia marekebisho), au Av kwa Canon na A kwa Nikon (unachagua tundu la lenzi mwenyewe). Mtu akiwa na ziwa au anga nyuma yake, anza na +1, yaani stopu moja, mwanga mara mbili. Jua likiwa moja kwa moja nyuma yake, nenda +1.7 au hata +2, uache ziwa liungue, yaani litoke jeupe tupu. Dagaa au mchanga ukiwa umetawala fremu, +0.7 hutosha. Uso mweusi ukijaza fremu, shuka hadi −0.7. Mwenye DSLR yenye upimaji wa nukta (kupima sehemu ndogo tu ya fremu) aelekeze nukta shavuni, apunguze theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima kwa ngozi nyeusi sana, abane kitufe cha kufunga kipimo hicho cha mwanga (AE-L kwa Nikon, nyota kwa Canon), ndipo apange fremu na kupiga. Usiamini kioo cha nyuma ukiwa juani, kwa sababu juani kila picha huonekana giza. Fungua grafu ya mwanga: kama mlima wote umelundikana kushoto, upande wa giza, uso umeupoteza.

Halafu kuna jua lenyewe, na hapa ndipo wapiga picha wetu wanaponishangaza, maana wamekulia hapahapa. Ziwa liko magharibi. Jua linazama upande wa Kongo, karibu na saa moja jioni, na miezi mingine hupita saa moja. Saa zetu ni za Afrika Mashariki yote lakini sisi tuko mwisho wake wa magharibi, kwa hiyo jua la utosi linatufikia karibu saa saba mchana, si saa sita. Maharusi wanapelekwa ufukweni saa kumi, wanageuzwa migongo ziwani, jua liko nyuma yao na bado kali. Ukitaka ziwa liwe nyuma ya mtu na uso wake uwe na nuru, nenda asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, jua likitoka upande wa vilima nyuma yako. Kama ni lazima iwe jioni, wewe ndiye usimame na mgongo ziwani, wao waangalie maji, na msubiri mpaka saa kumi na mbili wasikunje macho. Vilima vyetu ni mandhari nzuri vilevile.

Kwa saa saba mchana, tafuta baraza. Mtu asimame ukingoni mwa kivuli, aangalie nje kwenye anga wazi. Ardhi yetu nyekundu hapo inakusaidia bure: inarudisha mwanga wa joto chini ya kidevu na kwenye macho. Chini ya mwembe si pazuri kama watu wanavyodhani, hata Ujiji kwenye miembe ile mizuri. Majani yanatia ukijani usoni, na jua linalopenya linaweka madoa yasiyofutika.

Flashi ndogo iliyojengwa kwenye DSLR ni msaada kwa umbali wa hatua moja na nusu tu. Hesabu ni hii: nguvu yake ni kama 12 kwa mita kwenye ISO 100 (ISO ni unyeti wa kamera kwa mwanga), na ukiigawa kwa namba ya f unapata umbali inaofika. Flashi hailingani na shata (pazia la kamera) yenye kasi zaidi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, na jua kali kwa 1/200 linadai tundu dogo la f/11. Gawa 12 kwa 11: mita moja na kidogo. Mpiga picha anayesimama mita tatu ili apate gauni lote anachoma betri bure. Bora shuka jeupe lililoshikwa na watu wawili mbele ya maharusi, likilielekea jua, likirudisha mwanga kwa maharusi.

Kwa picha za kila siku, kwenye soko la mtaa wa Mwanga au stesheni ya reli, kompakti inatosha na haitishi watu. Zima zumu ya dijitali, maana inakata picha tu. Usizidishe ISO 400 kwenye zile zenye kihisio kidogo, chenga (punjepunje kwenye picha) zitaanza. DSLR inakufikisha 1600 bila wasiwasi. Ila mchanga ni adui wa kompakti: punje moja kwenye lenzi inayochomoza huikwamisha isitoke wala isirudi. DSLR mchanga inauvumilia zaidi, mradi hubadilishi lenzi ufukweni. Ukilazimika, izime, elekeza mdomo wake chini, fanya haraka.

Simu? Ndiyo, inachanganya picha kadhaa kwa mpigo, na kwenye jua la nyuma huwa inamshinda anayetumia DSLR kwenye otomatiki. Lakini nyingi zinalainisha na kupausha ngozi bila kukuuliza, yaani kosa lilelile ninalolipinga.

Wanaohariri nao: piga RAW (faili ghafi la kamera), siyo JPEG (picha iliyokwisha kubanwa) peke yake. JPEG iliyotoka giza imeshatupa rangi za uso, ndiyo maana ukiiinua inakuja kijivu na chenga. Kwenye RAW inua vivuli vya picha nzima, usiguse uso pekee, na kama shingo na uso havilingani, rudi nyuma.

Na wewe unayelipa, usisubiri albamu. Picha ya kwanza tu ikipigwa, mwombe mpiga picha akuonyeshe kamera mkiwa kivulini, uweke mkono wako kando ya kioo, ulinganishe. Rangi zikipishana, mwambie arudie kabla hamjahama pale.