Anayetunza Chogo Hajakosea

Karakana moja ya fundi kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya, ina monita 11 za chogo, zile za zamani zenye mgongo mrefu na bomba la kioo ndani, zimepangwa ukutani mpaka karibu na dari. Mwenye fremu anataka nafasi yake, na kijana anayejifunza kazi pale ameshapata mnunuzi wa skrepa. "Mzee, tuzipime kilo tu, huu ni uchafu," alisema wiki iliyopita nikiwa nimekaa pale. Fundi hakuinua uso. "Mwanangu, nyingine hapo zinawaka. Ungezijua usingeziita uchafu."

Mjadala wenyewe ndio huo, na nausikia kila penye kompyuta za zamani: ofisini, shuleni, hata nyumbani ambako mama anauliza lile dude la juu ya kabati litaondoka lini. Hoja ya kijana inaeleweka upesi. Ya fundi huishia kuitwa uzee, na hapo ndipo naona hatendewi haki.

Sisi hatukukaa na mashine hizi muda mrefu. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo mtu wa Mbeya aliyekaa mbele ya kompyuta yake ya kwanza mwaka 2002 au 2003, kwenye intaneti kafe ya mitaa ya hapa kama Soweto au Kabwe, mara nyingi alikutana na chogo lililokwisha kufanya kazi miaka kadhaa Ulaya, wakati kule lilikotoka watu wameanza kuhamia monita za flati, zile nyembamba. Wenzetu wanakumbuka nusu karne. Sisi tuna miaka kumi na kidogo, na ndiyo miaka tuliyojifunzia karibu kila kitu.

Tulijifunza kwa mikono. Baadhi ya monita zilifika na doa la kijani au zambarau kwenye kona, na picha imelala kidogo upande mmoja. Tulidhani ni ubovu wa mtumba tu. Kumbe sababu mojawapo ni dunia yenyewe: miali ya elektroni ndani ya bomba hupindishwa na usumaku wa dunia, na usumaku huo huku kusini mwa ikweta hauelekei kama kule kaskazini. Viwanda vilizirekebisha monita kulingana na upande wa dunia zitakakouzwa, hivyo iliyorekebishwa kwa ajili ya London ilipowashwa Mbeya ilibidi izoeshwe upya. Unaingia kwenye menyu, unachagua kuondoa usumaku, skrini inatikisika na kutoa mlio mzito, duuum, rangi zinatulia. Kisha unazungusha picha kidogo kidogo mpaka mstari wa chini ulale sawa na ukingo. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefanya hivyo alikuwa ameishika fizikia kwa vidole vyake. Na asubuhi za Julai, baridi ya huku ikiwa imekaza, vidole hivyohivyo tulivipasha moto juu ya matundu ya chogo kabla ya kugusa kibodi.

Wala si kumbukumbu tupu. Flati ya kawaida inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde hushikilia kila picha kwa karibu milisekunde 17, na jicho linalofuata kitu kinachokimbia linaona ukungu. Kwenye chogo nukta huwaka na kufifia ndani ya milisekunde moja hivi, kwa hiyo mpira unaokimbia unabaki mpira. Ndiyo maana huko Marekani wakusanyaji wanainunua Sony GDM-FW900, monita ya inchi 24 yenye kilo zaidi ya 40, kwa maelfu ya dola. Za Mwanjelwa ni za inchi 15 na 17 na hazitafika bei hiyo, lakini ubora wa mwendo ni uleule.

Upande wa pili una hesabu yake na sitaipuuza. Chogo la inchi 17 hula kama wati 80, flati ya ukubwa huo kama 30. Kwa saa nane kila siku tofauti ni uniti 12 kwa mwezi, na nyumba inayojibana isivuke uniti 75 ili ibaki kwenye bei nafuu ya umeme itazisikia hizo 12. Linamaliza meza. Likiachwa kwenye hezi 60, yaani kuchora picha mara 60 tu kwa sekunde, kama kafe nyingi zilivyoliacha, linaumiza macho. Kwa kazi ya kila siku, nunua flati.

Hoja nzito kuliko zote ni risasi, na hapa ndipo sikubaliani na kijana hata kidogo. Kioo cha nyuma ya bomba, kile chenye umbo la faneli, kina oksidi ya risasi kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wake, iliyowekwa ili kuzuia mionzi ya eksirei isitoke. Monita moja inaweza kuwa na kilo nzima ya risasi au zaidi. Watu wakisikia hivyo wanasema basi tuziondoe haraka. Ziende wapi? Kioo kikiwa kizima, risasi imefungwa ndani yake. Monita iliyokaa kabatini haimdhuru mtoto. Mnunuzi wa skrepa hataki kioo, anataka shaba na chuma. Kwa hiyo wanaomuuzia hupiga shingo ya bomba kwa jiwe, hewa inaingia kwa kishindo, shaba inang'olewa, na vipande vinabaki palepale. Nimeviona kwenye kijito kinachopita nyuma ya nyumba tunazopanga, vimechanganyika na majani ya migomba, na watoto wanachota maji ya kufyatulia matofali hatua chache chini yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Sasa kati ya mzee mwenye monita 11 ukutani na aliyezipima kilo, nani amechafua?

Najua nitajibiwa kwamba kutunza ni kuchelewesha tu, kwamba mzee akiondoka watoto wake watazimwaga zote kwa siku moja. Ni kweli, na sina jibu linalotosha.

Juzi nilirudi pale. Walikuwa wamezijaribu zote: saba zinawaka, nne zimekufa. Fundi alifungua moja ya zile nne mbele ya kijana. Akafunga waya wa ardhi kwenye bisibisi, akaipenyeza chini ya kofia ya mpira iliyobandikwa mgongoni mwa bomba kumaliza umeme unaoweza kubaki hata plagi ikiwa imechomolewa. Akachomoa kibao cha shingoni, akalegeza skrubu moja ya kibanio, akavuta koili ya shaba taratibu mpaka ikatoka nzima. Bomba halikupata hata ufa.

"Shaba yako hiyo," akamwambia.

Kijana akaipima mkononi. "Na bomba, mzee?"

"Linarudi ukutani."

"Na mwenye fremu?"

"Nitaongea naye."