Priseti 4,000, besi hata moja

Jumamosi asubuhi binamu yangu alifika kwangu kutoka Kayole, laptopu ndani ya begi la shule na uso wa mtu aliyepigwa ngeta. Alikuwa ametuma shilingi 2,500 kwa M-Pesa kununua furushi la priseti za besi, yaani sauti zilizopikwa tayari za kupakia kwenye sinthi, ile programu ya kuunda sauti. Ziko 4,000, akasema, kama mtu anayetaja ekari za shamba. Tukakaa kuzisikiliza moja baada ya nyingine hadi chai ikapoa, na kufikia ya 60 hivi sote tulikuwa tumenyamaza. Zilinguruma vizuri tu. Ila ukiondoa yale majina ya kutisha, ni simba yuleyule aliyehamishwa kutoka kizimba hadi kizimba.

"Sasa kaka," akaniuliza, "nichukue gani?"

Hilo swali ndilo lililonichemsha. Pesa inauma, ndiyo, hiyo ni nauli ya wiki mbili. Lakini kijana ana miezi minane akitengeneza muziki na bado anaamini besi ni kitu cha kuchagua, kama kiatu cha mtumba Gikomba. Na hata Gikomba unapinda soli kwanza.

Wauzaji wa haya mafurushi wanajua pa kumshika mtu. Anayeanza anasikia besi ya muziki wa jungle au dabstepi ikikoroma kama kitu chenye mapafu, anafungua sinthi yake, anabonyeza noti, inatoka sauti ya honi ya bodaboda. Anakata tamaa. Papo hapo anakutana na tangazo.

Kumbe besi nyingi zinazotikisa kifua zilianza kama kitu cha kuchosha kabisa. Chukua wimbi la msumeno, sauti kavu ya msingi ya sinthi, lipige kwa Hz 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. Weka jingine kando yake kwa Hz 55.5. Hayapatani, kwa hivyo kila baada ya sekunde 2 sauti inavimba na kunywea, inavimba na kunywea. Huo ndio uti wa mgongo wa besi inayoitwa Reese, na jina hilo ni lile alilotumia Kevin Saunderson wa Detroit alipoitoa mwaka 1988. Miaka ya 1990 maprodyuza wa jungle kule Uingereza hawakungoja kuuziwa priseti yake. Waliisampo besi hiyo, yaani walichukua kipande cha rekodi yake, wakaichuja, wakaikatakata, na wengine wakaja kuwasampo wao.

Kurisampo si uchawi. Unatengeneza sauti, unairekodi iwe faili ya WAV, unafunga sinthi, halafu unaishughulikia ile faili kana kwamba umeiokota barabarani. Unaigeuza nyuma mbele, unaishusha, unaipitisha kwenye distoshoni ili ikwaruze, unairekodi tena. Tena. Tena.

Kufunga sinthi ndiko kunakowashinda watu. Sinthi ikiwa wazi una vitufe mia, na kila kimoja kinakuita urudi ukirekebishe kidogo. Saa nane za usiku zinakukuta bado unazungusha filta (kichujio cha sauti) ileile na hujaandika hata lupu ya sekunde 8. WAV haina kurudi nyuma. Imeshakuwa. Unachoweza ni kuipenda, kuiharibu zaidi au kuitupa, na hayo matatu ndiyo yanayokufundisha masikio. Ndiyo maana nikisikia wakubwa wakisema kurisampo ni somo la baadaye, eti mtu amalize kwanza viungo vya sinthi, osileta, envelopu na LFO, nacheka kwa uchungu. Mimi nilirisampo kwa sababu laptopu yangu ya kwanza, mtumba wa Luthuli wenye RAM ya GB 4, ilikuwa ikifungua sinthi ya tatu feni inalia kama kinu cha posho. Ningefanya nini? Nikarekodi, nikafunga, nikaendelea. Umaskini ulinifunza kitu ambacho sasa kinauzwa kama kozi.

Tukaacha priseti, tukapanda matatu hadi Kamukunji. Ukitaka besi, nenda kwa watu wanaopiga mabati kuanzia asubuhi hadi jioni. Tulinunua karai moja ili tusionekane wapelelezi, kisha nikamwomba fundi aligonge mara kumi huku kijana akirekodi kwa simu. Fundi alitutazama, akatazama karai, akasema kelele ni bure, pesa ni ya karai.

Nyumbani tulichagua pigo moja. Lilikuwa likilia karibu na Hz 220, kwa nusu sekunde hivi. Ukilipunguza mwendo kwa nusu linashuka oktavu moja: Hz 110, sekunde moja. Nusu tena: Hz 55, sekunde 2. Sasa karai haligongwi, linazomea. Tukaweka wimbi laini la Hz 55 chini yake, tukamwaga distoshoni juu, tukarekodi. Mara ya pili tukaligeuza, tukafungua filta polepole kwa mkono. Mara ya tatu ikatoka sauti ya mbuzi ndani ya tangi la maji, ikatupwa. Mara ya nne tukaacha rekodi iende dakika nzima huku kijana akizungusha kila kitufe alichokiona, na katikati ya takataka zote zile zikapatikana sekunde 2 za lori la mchanga likipanda kilima na gia ya pili. Hakuuliza achukue gani. Alikuwa ameshaikata na kuiburuta kwenye kibodi.

Haya, nikubali mawili matatu kabla hamjanijia juu. Priseti moja ukiifungua na kuibomoa ili uone imejengwaje, ni mwalimu mzuri. Moja, si 4,000. Na sinthi inayoitwa Vital ina toleo la bure tangu 2020, kwa hivyo tusidanganyane kuhusu kukosa vifaa.

Spika za bei kali? Wenye nazo, hongera. Ila wimbi la Hz 55 lina urefu wa mita 6 na kidogo, na bedsita yangu kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 3. Nikikaa katikati ya chumba besi inatoweka, nikiegemea ukuta inanirudia kama deni. Spika ya laki moja haiwezi kusukuma ukuta wa landilodi. Hedfoni, na masikio ya jirani anayegonga mlango, vinatosha kwa sasa.

Jambo jingine nililijifunza kwa aibu. Wimbo wangu wa kwanza nilimbembeleza makanga wa nganya moja, matatu ya mbwembwe, ya Rongai auweke. Besi nilikuwa nimeitanua kushoto na kulia hadi kwenye hedfoni ikawa inanizunguka kichwa. Mle ndani, kwenye sabufa inayotikisa raba za madirisha, pande mbili zikachanganywa kuwa moja, zikafutana. Ikabaki hi-hati na sauti yangu. Makanga akageuka, akasema, "Boss, hii ngoma iko na njaa," akarudisha zake. Nilishuka Galleria, na nilikuwa nimelipa hadi Rongai. Tangu siku hiyo, chochote changu kilicho chini ya Hz 100 ni mono, sauti ileile kushoto na kulia, na sibishani na mtu.

Jana usiku kijana alinitumia faili kwa WhatsApp, jina lake "karai_7_mwisho_kabisa_2". Besi imekaa. Lakini kwenye sekunde ya 3, chini kabisa, kuna jitu linaguna maneno. Nilirudia mara tatu ndipo nikalitambua: ni yule mchuuzi wa pembeni aliyekuwa akipiga kelele "beba, beba mia!" tulipokuwa tukirekodi, ameshushwa oktavu mbili pamoja na bati.

"Nimtoe?" akaandika.

Nikamwambia akimtoa asinipigie simu tena.