Nani Aliikabidhi Mashine Ufunguo?

Filamu zinazoishuku teknolojia husemwa kuwa ni vitisho vya watu wasioijua mashine. Lawama hiyo si ya bure. The Terminator (1984) imewazoesha watazamaji kumngoja adui wa chuma mwenye macho mekundu, ilhali madhara mengi hupita kimya kimya kwenye kanzidata yenye taarifa za uongo. Na woga hutunga sheria: WarGames (1983) ilitajwa katika ripoti ya Bunge la Marekani kuhusu uhalifu wa kompyuta, na sheria ya Marekani ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 1986 bado inalalamikiwa kwa upana wake.

Lakini hebu itazame tena WarGames, tangu mwanzo. Ofisa katika handaki la makombora anasita kugeuza ufunguo. Lilikuwa zoezi tu, na wakubwa wakipiga hesabu wanakuta asilimia 22 ya makamanda hawakurusha. Dawa yao? Watu watolewe, kompyuta iwekwe. Kijana anayeingia baadaye kwenye kompyuta hiyo kwa modemu, yaani kwa laini ya simu, anapitia mlango wa nyuma, njia ya siri iliyoachwa na mtunzi wa programu. Neno la siri ni jina la mwanawe. Mashine haikupora kitu. Ilikabidhiwa.

Chumvi za sinema? Juni 1980, mtambo wa NORAD, kamandi ya Marekani na Kanada ya ulinzi wa anga, ulikuwa ukituma ujumbe wa majaribio mfululizo, kuhakikisha tu kwamba laini iko hai. Ujumbe ule ulikuwa na umbo lilelile la taarifa ya shambulio, ila penye idadi ya makombora paliwekwa sifuri. Chipu moja ya senti 46 ikaharibika, sifuri zikaanza kutoka kama 2. Chipu kufa ni jambo la kawaida. Kasoro ilikuwa kwenye muundo: jaribio limefanana na vita, na hakuna hatua ya kukagua ujumbe kabla haujatoka. Ndege za B-52 za kubeba mabomu ya nyuklia zilishawashwa injini wakati maofisa walipolinganisha skrini na taarifa za satelaiti na rada, wakaona hakuna kitu angani.

Filamu inajichanganya mwishoni tu. Kompyuta inacheza yenyewe mchezo wa X na O mpaka inagundua hakuna mshindi, kisha inaacha vita. Yaani busara yote imerudishwa kwa mashine ileile. Mwaka 1980 ilibidi watu wapigiane simu.